Mama Chupa

Mvua ya Bukavu haina adabu.
Inateremka Kadutu na udongo, na ndala za watu;
mwaka juzi ilibeba jiko zima la jirani, sufuria na kuku wake.
Nami katikati ya mji huu uliolowa
naamka na mchanga machoni.

Saa kumi ya usiku mgongo wangu ni mlango
uliovimba kwa unyevu:
hausukumiki, hauvutiki.
Nageuka kitandani kama mtu anayehamisha kabati peke yake,
kona moja, apumue, kona nyingine.
Ciza ni seremala, milango anaijua.
"Ningepitisha randa hapa tu," ananitania.
Sicheki. Mdomo umegandana na meno.

Kisha natembea, na hapo ndipo kichekesho:
wengine wakiumwa mgongo hupumzika,
mimi nikipumzika ndipo naumwa.
Napanda hadi Cimpunda kufundisha darasa la pili,
na kengele ikilia mgongo umeshalegea,
limebaki koo.
Watoto wanasoma ba, be, bi. Nakunywa.
Bo, bu. Nakunywa tena.
Wakanibatiza Mama Chupa,
nami nikaitika.

Miaka minne nilikuwa wagonjwa wawili.
Wa macho alikuwa na kadi ya njano,
wa mgongo alikuwa na ya kijani,
na hawakuwahi kukaa benchi moja.
Wa macho aliambiwa: mwalimu, ni chaki hiyo.
Wa mgongo aliambiwa: umezaa watano, ulitaka nini?
Kwa mchungaji walikwenda pamoja;
yeye hakuuliza kadi.

Halafu kaka yangu Murhula akafa.

Kwetu msiba tunauita kilio,
na anayekwenda kilio hutegemewa aende na chake.
Nilikaa mkekani uso mkavu kama sahani iliyofutwa,
na ndani kukiporomoka, mawe na miti yake.
Wifi yangu M'Cibalonza alinitazama siku tatu.
Ya nne akasema, akiuambia ukuta:
"Kuna watu wanangoja mashamba tu."

Daktari Bashige ni kijana, viatu vyake vina matope kama vyetu.
Alinivusha Rusizi kwa karatasi nikapigwe picha ya nyonga.
Alinikata kinyama ndani ya mdomo wa chini,
kidogo, kama punje ya mtama.
Siku ya majibu akaiweka kadi ya njano juu ya ya kijani,
akakaa kimya mpaka nikaogopa.

"Una sentineli," akasema, "analinda parsele yako usiku.
Amesahau sura ya mwenye nyumba.
Amefukia visima vya machozi, na vya mate,
kisha akashuka kupiga maungio ya uti wa mgongo."
"Ni yeye yule?"
"Naamini ni yeye yule. Magonjwa haya mawili
mara nyingine huonekana kwa mtu mmoja.
Kwa nini, hapo bado tunapapasa."

Nikazishika kadi zote mbili.
Nilitaka kulia, kwa raha tu ya kuwa mtu mmoja.
Haikutoka kitu.

Sasa machozi nanunua.
Dola saba kichupa, karibu na soko la Nyawera,
na muuzaji huniuliza kama nataka faktira.
Sentineli anapewa vidonge vyake;
usiku mwingine analala,
usiku mwingine nasikia buti.

Mwaka wa Murhula ulipotimia tulikwenda kaburini.
Mvua, siku hiyo moja, ilikataa.
Upepo ukapanda kutoka ziwani, macho yakaanza kuwaka.
Nikageuka pembeni, nikainua uso, nikadondosha:
moja kulia, mbili kushoto.
Ile ya pili ilizidi,
ikateremka shavuni.

M'Cibalonza akaiona.
Akanishika mkono, akaubana hadi pete ikaniumiza.
"Hatimaye," akasema.

Sikumtajia bei.
Tukashuka kilima taratibu, yeye ameniegemea,
na mgongo, sijui kwa nini,
ulikubali.